Kabla Hujahamisha Barua Pepe za Miaka Mingi

Mama mmoja mwenye duka la vitambaa Biashara Street, Nairobi, alinijia akiwa na flashi mkononi. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa imeshafutwa na kuuzwa, mpya iko mezani, na kilichobaki ni kuziingiza barua zake kwenye programu mpya. "Kijana wangu, zote ziko humu," akaniambia. "Mpwa wangu alizinakili mwenyewe." Nikaichomeka. Ndani mlikuwa na kitu kimoja tu, picha ya bahasha ya manjano, uzito wake kilobaiti 2. Mpwa alikuwa amenakili ile ikoni inayokaa kwenye uso wa kompyuta, akidhani barua zimo ndani yake. Ile huwa ni njia ya mkato tu, kibao cha kuelekeza mlangoni, na nyumba yenyewe ilikuwa imekwisha kubomolewa. Oda za miaka tisa, vipimo vya wateja, makubaliano na mnunuzi wake wa vikapu kule Ujerumani, vyote vilikwenda. Nilimpa kiti na chai, lakini barua sikuwa na mahali pa kuzitoa.

Naandika haya kwa sababu watu wengi wamo katika kuhama sasa hivi. Windows 10 iliacha kupata msaada wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na siku hiyo hiyo Office 2016 na Office 2019 zikafuata. Maofisi madogo ya hapa mjini yananunua mashine nyingine, na kila mashine inayoondoka mezani ina barua za mtu ndani yake. Kazi ya kuhamisha yenyewe si ngumu. Madhara hutokea kabla haijaanza, mtu anapofuta au kuuza cha zamani bila kujua barua zake zilikuwa zinakaa wapi.

Kwa hivyo anza na swali hilo. Keti kwenye kompyuta nyingine, au chukua simu, ufungue barua zako kwa kivinjari bila kuigusa ile programu yako. Itafute barua ya zamani kabisa unayoikumbuka, tuseme ya mwaka 2014. Ikionekana hapo, akaunti yako huenda inatumia IMAP: barua zinakaa kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayokutunzia barua, na programu inakuonyesha nakala tu. Kama unaona za wiki mbili zilizopita peke yake, au huoni kitu, basi huenda unatumia njia ya POP3. Hiyo huziteremsha barua hadi kwenye kompyuta yako na mara nyingi huzifuta kule zilikotoka. Hapo nakala pekee duniani iko kwenye hiyo diski iliyo chini ya meza yako, pamoja na vumbi lake. Akaunti nyingi za ofisi zilizofunguliwa zamani na kampuni za kuuza tovuti ziliwekwa hivyo, na wenyewe hawakuambiwa.

Hata wa IMAP asitulie haraka. Outlook za zamani, ile programu ya barua ya Microsoft, zilikuwa na tabia ya kuuliza kama zihifadhi barua kuukuu, mtu akabonyeza ndiyo ili aendelee na kazi. Barua hizo zikahamishiwa kwenye faili liitwalo archive.pst ndani ya kompyuta, na kwenye seva hazipo tena. Thunderbird, programu nyingine ya barua, nayo ina folda za kompyuta yenyewe, ambazo mtu huburutia barua ili apunguze mzigo kwenye akaunti. Ukiona folda zimejipanga pembeni chini ya jina tofauti na anwani yako, zichunguze moja moja.

Sasa yatafute mafaili yenyewe. Kwenye Outlook, nenda kwenye mipangilio ya akaunti, kisha ukurasa wa mafaili ya data. Utaonyeshwa kila faili na njia yake. Tangu toleo la 2010 faili la PST, lile ambamo Outlook hutunza barua, kwa kawaida hukaa kwenye folda ya nyaraka zako, lakini matoleo ya nyuma yalilificha ndani ya AppData, folda isiyoonekana mpaka uamuru ionekane. Ndiyo maana mtu hunakili nyaraka zake zote, akaridhika, na barua zikabaki nyuma. Ukikuta faili la OST, elewa kwamba ni kivuli cha kilichoko kwenye seva. Ukilipeleka kwenye mashine nyingine halitafunguka hivi hivi. Kwenye Thunderbird kila kitu kimo katika folda moja ya wasifu (profile), yenye jina la herufi zisizosomeka. Inakili nzima, usichague. Na kama bado kuna mtu ana Outlook Express ya enzi za Windows XP, barua zake ziko kwenye mafaili ya DBX ambayo programu za leo haziyafungui moja kwa moja. Huyo ahamishe wakati ile mashine ingali inawaka.

Angalia uzito wa kila faili na uuandike kwenye karatasi. Mafaili ya PST yaliyoundwa na Outlook kuanzia 97 hadi 2002 yana kikomo cha gigabaiti 2, na yakifika hapo huharibika. Toleo la 2003 lilileta muundo mpya wenye kikomo cha gigabaiti 20, na 2010 likapandisha hadi 50. Kusakinisha toleo jipya la Outlook hakulibadilishi faili la zamani la gigabaiti 2. Litafunguka na kikomo chake kile kile. Kwa hivyo ukiona lako linakaribia gigabaiti 2, acha kupokea barua humo, unda faili jipya kwenye programu mpya, kisha ingiza za zamani ndani yake.

Kunakili ndipo wengi wanapojikwaa, nami nimeshuhudia mara nyingi kuliko ningependa. Funga kwanza programu ya barua, kabisa, kwa sababu faili linaloandikwa huku likinakiliwa linaweza kutoka kasoro. Halafu flashi. Flashi nyingi zinazouzwa Luthuli Avenue huja zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja lenye zaidi ya gigabaiti 4, hata kama flashi ina gigabaiti 64 tupu. Kompyuta itakuambia faili ni kubwa mno, mtu atadhani flashi ni feki, atarudi dukani kugombana na muuzaji. Dawa ni kuipanga upya kwa mfumo wa exFAT, ukikumbuka kwamba hilo hufuta kila kilichomo. Fanya nakala mbili, kwenye vifaa viwili tofauti, na kimoja kisilale chumba kimoja na kompyuta.

Kisha uifungue nakala. Nasisitiza hili kuliko yote, kwa maana lingemwokoa yule mama wa vitambaa kwa dakika tano. Linganisha uzito na ulioandika kwenye karatasi, hadi tarakimu ya mwisho. Lirudishe faili kwenye diski ya kompyuta nyingine, usilifungue likiwa kwenye flashi, wala kwenye diski ya mtandao wa ofisi, jambo ambalo Microsoft wenyewe hawaliungi mkono kwa PST. Soma barua tatu: ya kwanza kabisa, moja ya katikati yenye kiambatisho, na ya juzi. Kiambatisho kifungue, usitazame jina lake tu. Kama faili linagoma, kuna kifaa cha urekebishaji kinachokuja na Outlook, scanpst.exe, kitumie juu ya nakala, kwa sababu hulibadilisha faili kinapolitengeneza. Vivyo hivyo kule Thunderbird: barua ulizofuta hubaki ndani ya faili mpaka ulibane (compact), na kulibana kutapunguza mzigo sana, ila nakili kwanza ndipo ubane.

Stima ni jambo la kupangia. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, ile betri ya akiba, ikizimika katikati ya kuingiza barua za gigabaiti 10, unaweza kubaki na faili lisilosomeka. Fanya kazi hiyo kwenye laptopu yenye chaji, Jumamosi asubuhi, wakati hakuna mteja anayesubiri jibu. Na kama mpango wako ni kuzipandisha barua zote kwenye akaunti ya Gmail, pima bando lako, na ukumbuke gigabaiti 15 za bure zinagawanywa pia na picha na hifadhi yako ya Drive.

Iwapo programu ya zamani imekuwa ikidai nywila kila dakika na kuikataa, usihangaike kuifuta akaunti ili uianze upya. Kuiondoa akaunti kunaweza kuondoka na barua zilizomo. Microsoft walianza kuzima njia ya zamani ya kuingia kwa nywila peke yake kwenye Exchange, huduma yao ya barua za ofisi, tarehe 1 Oktoba 2022, na Google nao walibana mwaka huo huo, hivyo huenda programu kuukuu haiwezi tena kuzungumza na seva. Barua zilizokwisha kuteremshwa zingali humo salama. Kwa upande wa programu mpya, ulizia mapema nywila za akaunti zako, na hakikisha laini ya simu inayopokea nambari za uthibitisho bado iko mikononi mwako.

Kuna vitu vidogo ambavyo mara nyingi haviji na barua: sahihi ya chini ya barua, kanuni za kupanga barua kwenye folda, na yale majina yanayojitokeza unapoanza kuandika anwani. Hayo ya mwisho watu huyachukulia kuwa kitabu cha anwani, kumbe mengi hayajahifadhiwa huko. Pitia, wahifadhi wale unaowahitaji.

Anayetumia Thunderbird ajue pia kwamba wasifu ukishafunguliwa na toleo jipya, toleo la zamani hukataa kuupokea tena. Hiyo ni sababu nyingine ya kuufungua mpya ukiwa na nakala pembeni. Viongezo vya zamani navyo vingi havifanyi kazi katika matoleo ya tangu 78, la mwaka 2020.

Siku yenyewe ikifika, ondoa waya wa intaneti kabla hujaifungua programu mpya mara ya kwanza. Akaunti ya POP3 kwenye mashine mpya haikumbuki ilichokwisha kuteremsha. Ikikuta barua zimeachwa kwenye seva itazivuta zote tena, na utakaa na kila barua mara mbili. Ingiza za zamani, hesabu barua za kila folda ulinganishe na za kule ulikotoka, ndipo uunganishe.

Usimwachie fundi flashi yako ukaenda zako, na mimi ni fundi ninayesema hivyo. Kwenye barua hizo kuna nambari za vitambulisho vya wateja wako, na sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inakuhesabu wewe kuwa mwenye dhamana nazo. Folda ya wasifu ya Thunderbird hubeba hata nywila zilizohifadhiwa.

Ile kompyuta ya zamani izime, uiweke kabatini, usiiuze bado. Ngoja angalau tarehe 20 ya mwezi unaofuata ipite, siku ya mwisho ya kuwasilisha VAT, kwa maana hapo ndipo mhasibu atatafuta ankara iliyotumwa Machi mwaka juzi, nawe utajua kama kweli ilihamia.