Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kujengewa Titi Upya

Mara nyingi mwanamke huulizwa kama atataka kujengewa titi jipya wiki ile ile aliyopewa majibu ya saratani. Usingizi umemruka, simu za ndugu hazikatiki, na daktari anasubiri neno lake. Kwa hiyo naanza na hili: swali la kujenga titi halina haraka waliyo nayo madaktari wa saratani. Titi linaweza kujengwa siku ile ile linapoondolewa, na linaweza kujengwa baada ya mwaka mmoja, mitano au hata kumi. Ukishindwa kuamua sasa, nafasi haijapotea. Mwambie tu daktari mapema kwamba huenda ukataka baadaye, ili namna ya kukata na mahali litakapokaa kovu pafikiriwe kwa kuzingatia hilo.

Kujengewa papo hapo kuna faida zake. Ngozi nyingi ya titi huhifadhiwa, umbo mara nyingi hutoka vizuri zaidi, na unapunguza safari moja ya kulazwa usingizi. Lakini upasuaji unakuwa mrefu na vidonda vinaongezeka. Kidonda kikigoma kufunga au kikiingiwa na vijidudu, dawa za kemo au mionzi zinaweza kucheleweshwa, na hilo ndilo la kuogopwa hasa. Kabla hujaongea na daktari wa kujenga titi, kaa na daktari wako wa saratani umuulize mambo mawili: je, nitahitaji mionzi? Je, nitapewa kemo baada ya upasuaji? Majibu hayo hubadilisha karibu kila kitu kinachofuata.

Mionzi ndiyo inayotikisa mipango zaidi. Huharibu mishipa midogo ya damu na kuifanya ngozi ya kifua kuwa ngumu na isiyovutika. Kipandikizi, yaani mfuko wa silikoni au wa maji ya chumvi unaowekwa ili kutengeneza umbo la titi, huzungukwa mwilini na utando wa kovu. Ndivyo mwili unavyojikinga na kitu kigeni. Kwa aliyepigwa mionzi, utando huo una uwezekano mkubwa zaidi wa kukakamaa, ukakibana kipandikizi mpaka titi likawa gumu, likapinda au likauma. Ndiyo sababu madaktari wengi, wakijua mionzi inakuja, hupendekeza kusubiri, au kutumia nyama ya mwili wako mwenyewe badala ya kipandikizi. Baada ya mionzi kwa kawaida husubiriwa miezi 6 au zaidi ngozi itulie.

Ukichagua kipandikizi, ujue kwamba mara nyingi kazi haimaliziki kwa siku moja. Kwanza huwekwa mfuko wa kutanua ngozi chini ya ngozi au chini ya msuli wa kifua. Kisha, kila baada ya wiki moja au mbili, unarudi kliniki kuongezewa maji ya chumvi kwa sindano mpaka nafasi ifikie ukubwa unaotakiwa, na kwa siku moja au mbili baada ya kila sindano kifua huwa kimekaza. Baadaye unarudi chumba cha upasuaji, mfuko utolewe na kipandikizi cha kudumu kiwekwe. Mifuko mingi ya namna hii ina sumaku ndani yake, kwa hiyo mtu yeyote anayetaka kukupiga picha ya MRI, inayopigwa kwa sumaku kali, katika kipindi hicho lazima aambiwe. Usingoje aulize.

Nimesema kipandikizi cha kudumu, lakini hakidumu maisha yote. Wengi hubadilishiwa au kutolewa ndani ya miaka 10 hadi 20, wengine mapema zaidi. Mwanamke wa miaka 35 anayekichagua anachagua pia upasuaji mwingine mbele ya safari, na ni haki yake kuambiwa hivyo wazi kabla hajatia sahihi. Kipandikizi cha maji ya chumvi kikipasuka utaona titi likinywea. Cha silikoni kinaweza kupasuka kimya kimya bila dalili yoyote. Kwa sababu hiyo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inashauri wenye vipandikizi vya silikoni wapimwe kwa MRI au ultrasaundi miaka 5 hadi 6 baada ya kuwekewa, kisha kila baada ya miaka 2 au 3, hata kama hawasikii chochote. Uliza pia kama kipandikizi chako ni laini au kina mikwaruzo kwa nje. Vyenye mikwaruzo vimehusishwa na aina adimu ya saratani ya mfumo wa limfu, inayoota kwenye ule utando wa kovu, na mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya BIOCELL kwa sababu hiyo.

Upande mwingine ni kujengewa kwa nyama yako mwenyewe, mara nyingi ya tumbo la chini. Kuna njia inayochukua pia msuli wa tumbo, iitwayo TRAM, na kuna DIEP, inayochukua ngozi na mafuta pamoja na mishipa yake ya damu na kuuacha msuli mahali pake. Mishipa hiyo, myembamba mno, huunganishwa na mishipa ya kifua chini ya hadubini. Ni kazi ya saa 6 hadi 8, pengine zaidi. Siku ya kwanza wauguzi watakuja kila baada ya muda mfupi, hata usiku wa manane, kuangalia rangi na joto la titi na kusikiliza damu inavyopita. Usichukie kuamshwa, mshipa ukiziba, saa chache tu ndizo zinazoamua kama titi hilo litapona, na huenda ukarudishwa chumba cha upasuaji mara moja. Kwa madaktari wenye uzoefu ni wachache wanaopoteza titi lote kwa namna hiyo, lakini hutokea, na unatakiwa kujua mapema mpango utakuwa upi likikutokea wewe.

Titi la namna hii ni laini, lina joto, linanenepa na kupungua pamoja nawe, na linazeeka nawe. Malipo yake ni kovu refu kutoka nyonga hadi nyonga, siku kadhaa za kutembea umeinama, na uwezekano wa tumbo kulegea au kupata ngiri, hasa pale msuli ulipochukuliwa. Tumbo hutumika mara moja tu. Aliyewahi kupunguzwa tumbo kwa upasuaji kwa kawaida hawezi tena kulitumia, ila kovu la kujifungua kwa upasuaji mara nyingi si kizuizi. Ipo pia njia ya msuli wa mgongo, unaozungushwa hadi kifuani bila kukatwa mshipa wake wa damu. Ni nzuri na ya kutegemewa, ingawa mara nyingi huhitaji kipandikizi kidogo cha kuongeza ukubwa, na anayeogelea au kufanya kazi ya kuvuta na kusukuma ataukumbuka msuli huo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Titi jipya huwa na ganzi. Hisia kidogo zinaweza kurudi miaka inavyokwenda, lakini wengi hawarudishiwi zile walizokuwa nazo. Wapo wanawake walioungua kwa chupa ya maji ya moto bila kujua mpaka walipoiona ngozi imetoka malengelenge. Chuchu nayo, ikiwa haikuweza kubakizwa, hutengenezwa miezi kadhaa baadaye kwa kukunja ngozi ya hapo hapo, au huchorwa kwa tatuu inayoonekana kama imetokeza. Inaweza kupendeza sana, lakini haitasisimka ikiguswa, wala titi hilo halitanyonyesha. Mwanamke anayeingia kwenye upasuaji akidhani anarudishiwa titi lake ataumia moyo hata kama mshono umetoka safi kabisa. Anayejua kwamba anapewa umbo, la kuvaa nguo bila wasiwasi na kujitazama kwenye kioo, ana nafasi kubwa zaidi ya kuridhika. Mwulize daktari wako swali hili la hisia kwa maneno ya wazi, na kama una mwenzi, lizungumzwe naye pia, maana litagusa chumba chenu cha kulala.

Na kutojenga kabisa ni uamuzi kamili. Si kushindwa, wala si kujitupa. Kuna wanaotaka upasuaji mmoja tu warudi kwenye maisha yao, na kuna ambao miili yao haistahimili zaidi. Kifua tambarare nacho kinahitaji ufundi: mwombe daktari akushone kiwe sawa, bila mikunjo ya ngozi inayoning'inia chini ya kwapa, na umwambie waziwazi kwamba hutaki ngozi ya ziada iachwe “kwa tahadhari utakapobadili mawazo”. Kama unataka umbo ndani ya nguo, kuna titi bandia la silikoni la kuweka kwenye sidiria maalumu, ambalo huvaliwa baada ya kidonda kupona, kwa kawaida kama wiki 6 hadi 8. Kabla ya hapo hutumika pedi laini na nyepesi.

Kwa upande wa mwili, nikitaja moja tu litakuwa nikotini. Huminya mishipa midogo ya damu, na titi linalojengwa linaishi kwa mishipa hiyo hiyo. Acha angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Sigara, shisha, ugoro, hata vibandiko vya nikotini vinahesabika. Madaktari wengine hukataa kabisa kumfanyia anayevuta, na naona wana haki. Sukari iwe imedhibitiwa, damu isiwe pungufu. Mtajie daktari kila unachomeza, pamoja na aspirini, dawa za mitishamba na vitamini, kwani vingine huongeza kutokwa na damu. Anayetumia tamoksifeni, dawa ya homoni ya saratani ya titi, aulize kama isimamishwe kwa muda, kwa kuwa huongeza hatari ya damu kuganda, lakini asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe hata siku moja. Kama makovu yako huwa yanavimba na kuwa makubwa kuliko kidonda chenyewe, sema hilo siku ya kwanza.

Ukikutana na daktari wa kujenga titi, uliza anafanya upasuaji wa namna ngapi. Asiyefanya DIEP anaweza asiitaje kabisa, nawe ukaondoka ukiamini kipandikizi ndiyo njia pekee. Muulize: ni njia gani ambazo hazifanyiki hapa, na nani anazifanya? Mwombe picha za wagonjwa wake mwenyewe wenye mwili kama wako, na zile ambazo hazikwenda vizuri pia. Muulize ni wangapi hurudi chumba cha upasuaji kwa matatizo. Daktari mzuri haudhiwi na maswali haya. Nenda na mtu wa kuandika, kwa sababu utasahau nusu ya utakayoambiwa. Na kwa kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, tafuta wanawake waliopitia kila njia, wakiwemo waliobaki tambarare na waliojuta, uwasikilize. Mume, mama na dada wasikilizwe pia, lakini hakuna kati yao atakayebeba kovu hilo.

Gharama ziulizwe kwa safari nzima: kubadilisha mfuko, chuchu, kupunguza au kuinua titi la pili ili yalingane, kurekebisha kasoro, vipimo vya baadaye. Bima ikisema inalipa, iulize inalipa hatua zipi, na ikujibu kwa maandishi.

Nyumbani utarudi na mirija ya kutoa majimaji, iliyofungwa kwenye vichupa vidogo. Utapima na kuandika kiasi kila siku. Mara nyingi mirija hutolewa majimaji yakishuka chini ya mililita 30 hivi kwa siku, na hilo huchukua wiki moja hadi tatu. Tayarisha nguo za kufungua mbele, kwa kuwa mkono hautapanda juu ya kichwa. Utalala chali, mito ikiwa mgongoni, na chini ya magoti pia kama ulikatwa tumbo. Vitu unavyotumia kila siku vishushwe kutoka rafu za juu. Kwa kama wiki 6 hutanyanyua kitu kizito, na mtoto mdogo ni mzito; aandaliwe mtu wa kumbeba, na mtoto mwenyewe aelezwe kwamba mama atamkumbatia akiwa amekaa. Aliyetolewa tezi za kwapa afundishwe mazoezi ya mkono kabla hajatoka wodini, na aijue dalili ya mkono kuanza kuvimba.

Wengine huogopa kwamba titi jipya litaficha saratani ikirudi. Kujengewa titi hakusababishi saratani kurudi. Inaporudi sehemu hiyo, mara nyingi hujitokeza kwenye ngozi au chini yake tu, pale mkono unapofika, kwa hiyo endelea kujipapasa na kuhudhuria kliniki. Titi la pili linaendelea kupigwa mamografia, yaani picha ya eksirei ya titi, kama kawaida.

Kabla hujatoka hospitalini, chukua namba ya simu inayopokelewa usiku, na uitumie ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, wekundu unaosambaa, titi linalovimba ghafla au kubadilika rangi, mguu mmoja kuuma na kuvimba, au pumzi kuwa fupi. Kama umewekewa kipandikizi, dai kadi yake yenye jina la kampuni, aina na namba ya utambulisho, uipige picha na kumpa mtu mwingine nakala. Titi lenye kipandikizi likivimba ghafla, hata kama miaka mingi imepita, nenda nayo kadi hiyo kwa daktari, na uombe majimaji yaliyokizunguka kipandikizi yapimwe kama yana ile saratani ya limfu.