Somo: Kumsajili mtoto ligi ya besiboli ya mtaa, toka fomu hadi mechi ya kwanza

"Mwanangu ana miaka 10, mbona kaandikwa 11?" Swali hili nimelijibu hadi vidole vimechoka, kwa hiyo naweka kila kitu hapa. Nazungumzia ligi zilizo chini ya Little League, chama cha besiboli ya watoto cha Marekani, kile kilichoanzia Williamsport, Pennsylvania, mwaka 1939. Kama ligi yenu iko chini ya chama kingine, soma kanuni zake.

1. Angalia ramani ya ligi. Nyumbani kwenu au shule ya mtoto, kimojawapo lazima kiwe ndani ya mipaka.

2. Hesabu umri wa ligi. Ni umri atakaokuwa nao tarehe 31 Agosti ya mwaka wa msimu, hata kama siku yenyewe haijafika. Msimu wa 2026: aliyezaliwa 31 Agosti 2015 ni wa miaka 11, aliyezaliwa kesho yake, 1 Septemba, ni wa 10. Siku moja tu, na inaweza kumhamisha daraja, yaani kundi analochezea.

3. Kusanya karatasi: cheti cha kuzaliwa, fomu ya ruhusa ya matibabu na uthibitisho wa makazi. Makazi yanathibitishwa kwa karatasi tatu, kila moja kutoka kundi lake kwenye orodha ya ligi. Bili tatu za umeme zinahesabiwa kama karatasi moja. Ukitumia njia ya shule, kuna fomu ambayo shule yenyewe inaijaza.

4. Majaribio. Fika mapema. Makocha wanamtazama akidaka, akirusha, akipiga na akikimbia ili timu zilingane. Si mtihani wa kufukuzana.

5. Glovu, viatu, kinga ya nyeti kwa wavulana. Viatu vyenye meno ya chuma havikubaliki kwenye madaraja ya watoto hadi miaka 12. Helmeti usiipake rangi wala kubandika stika bila idhini ya mtengenezaji.

6. Gongo (hili la kupigia, si la kunywa). Hapa niliboronga, kwa hiyo soma polepole. USINUNUE kabla mtoto hajapangiwa daraja. Tangu Januari 2018, madaraja ya watoto hadi miaka 12 yanataka gongo lenye alama ya USA Baseball. Dukani, kwenye rafu hiyohiyo, utakuta magongo yenye alama ya USSSA, chama kingine chenye kanuni zake: yanang'aa, yanarusha mpira mbali, na mwamuzi atayatoa uwanjani. Yale ya mpira wa kuwekwa juu ya kigingi nayo yana muhuri unaosema ni ya mipira hiyo tu. Usimpe mtoto anayerushiwa mpira. Unene usizidi inchi 2 na 5/8, urefu usizidi inchi 33. Gongo la mti mmoja mzima halihitaji alama. Mshikishe mtoto mpini kwa mkono mmoja, anyooshe mbele kwa sekunde 30. Mkono ukitetemeka au ncha ikishuka, ni zito. Usimnunulie refu "atalikulia": atachelewa kulizungusha msimu mzima. Na plastiki usiitoe kabla hujaiona alama kwa macho yako, maana likishapigiwa mpira duka halirudishi.

7. Mechi ni raundi 6. Kila mtoto lazima apate zamu moja ya kupiga, na awe uwanjani wakati wapinzani 6 wanatolewa.

MASWALI

Baba Mapacha: Mkuu, wangu kazaliwa Oktoba 2014, umri wa ligi ni upi?

Jibu: Hatua ya 2. Kalenda unayo.

Mlezi77: Umetupotosha. Kocha kamchezesha wangu raundi mbili tu, akamweka benchi.

Jibu: Nimepotosha wapi? Raundi moja ya kuzuia ni wapinzani 3, mbili ni 6. Kama alipata na zamu ya kupiga, kocha hajavunja kanuni. Kama hakupata, muone msimamizi wa ligi, si mwamuzi, na si katikati ya mechi.

Dada Neema: Binti yangu ana miaka 10 na ndiye mrushaji. Nimesikia mirusho inahesabiwa. Naweza kuhesabu mwenyewe?

Jibu: Swali zuri, dada, na ndiyo, hesabu. Miaka 9 na 10 mwisho ni mirusho 75 kwa siku; 11 na 12 ni 85. Akifikisha kikomo mpigaji akiwa bado amesimama, anaruhusiwa kummaliza huyo. Mapumziko: mirusho 1 hadi 20 hakuna, 21 hadi 35 siku moja, 36 hadi 50 siku mbili, 51 hadi 65 tatu, 66 na zaidi nne. Akirusha 40 Jumamosi, anarudi Jumanne. Akifikisha 41, siku hiyo hawezi kuwekwa nyuma ya mpigaji kudaka. Kama ana timu nyingine pembeni, mjulishe kocha, maana bega lake ni lilelile.

Dada Neema: Asante sana. Na glovu iliyolowa mvua?

Jibu: Ifute, weka mpira kwenye kiganja chake, ifunge kwa kamba, iache kivulini penye hewa. Siyo juani, siyo karibu na hita. Ngozi inakakamaa na kupasuka.

Baba Mapacha: Kwa hiyo ni 11?

Jibu: 11, kwa msimu wa 2026.