Kumshonea mtoto kwa mara ya kwanza: kutoka kitambaa cha kucheulia hadi suruali

Mama anayeanza kushona hutamani kuanza na kigauni chenye marinda na kola. Mimi humwambia aanze na kitambaa cha begani, kile cha kumfutia mtoto anapocheua maziwa. Kitatumika kila siku na kufuliwa mara nyingi kuliko nguo yoyote ya mtoto, na kimeundwa kwa mishono minne iliyonyooka. Ukikimaliza utakuwa umejifunza kukata, kubana, kushona pembe, kugeuza na kupiga pasi. Baada ya hapo bibu, kile kitambaa cha shingoni cha kupokea mate, haitakutisha, na suruali itafuata.

Jambo moja liwe mbele wakati wote wa kazi: nguo ya mtoto mchanga hukaguliwa kwa ndani. Nje tunaona maua na rangi, lakini kinachogusa ngozi yake ni mshono, fundo la uzi na ukingo wa kitambaa. Kila hatua hapa chini ina kipengele cha upande huo, na ndicho nisichotaka ukiruke.

Hatua ya 1: Kitambaa

Chagua pamba. Melimeli kwa vitu vyepesi, flaneli kwa vinavyogusa uso, kitambaa cha taulo pale unapotaka kinyonye mate na maziwa. Poliesta inapendeza macho lakini hainyonyi. Mate yatateleza juu yake na kuishia shingoni kwa mtoto. Kama una kipande ambacho hujui ni cha nini, chomoa nyuzi chache pembeni, zishike kwa koleo juu ya sinki na uziwashe. Pamba hutoa harufu ya karatasi inayoungua na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta huyeyuka na kubaki donge gumu. Ukiona vyote viwili, ni mchanganyiko.

Nguo kuukuu za pamba ni hazina. Shuka au shati lililofuliwa miaka kadhaa limeshalainika, na halitabadilika umbo tena.

Kitambaa kipya kifue kabla ya kukikata, kwa maji ya joto lile lile utakalotumia kufulia nguo za mtoto, kisha kikauke na ukipige pasi. Pamba hupungua inapofuliwa mara ya kwanza, na taulo hupungua kuliko pamba ya kawaida. Ukiviunganisha kabla ya kuvifua, kimoja kitavuta mwenzake na kazi yako itajikunja pembe zote. Dawa ya kulainisha nguo usiitumie kwenye taulo, kwani huacha utando unaopunguza unyonyaji.

Hatua ya 2: Vifaa na jaribio la mshono

Unahitaji mkasi wa kitambaa usiotumika kukatia karatasi, futi ya kupimia, chaki ya fundi, pini zenye vichwa vya rangi, uzi wa poliesta au wa pamba ulio imara, na pasi. Cherehani inarahisisha lakini si lazima. Kila kitu humu kinaweza kushonwa kwa mkono kwa mshono wa kurudi nyuma: sindano inatokeza mbele kidogo, inarudi kuingia pale mshono uliopita ulipoishia, inatokeza tena mbele. Fanya mishono ya milimita 3 na itastahimili kufuliwa.

Kwa wenye cherehani, sindano namba 80 inatosha pamba ya kawaida, namba 90 kwa pamba iliyoungana na taulo. Kitambaa cha fulana kinataka sindano yenye ncha ya mviringo, la sivyo itakata nyuzi na kuacha vitundu. Weka urefu wa mshono milimita 2.5. Kabla ya kugusa kazi yenyewe, shona kwenye mabaki ya kitambaa hicho hicho, tabaka zile zile, kisha geuza uangalie chini. Vitanzi vikilegea upande wa chini, uzi wa juu haukazwi vya kutosha, au haukupita vizuri kwenye njia yake. Utoe wote na uupitishe upya ukiwa umeinua mguu wa cherehani, kile kichuma kinachobana kitambaa chini ya sindano. Mara nyingi tatizo huisha hapo.

Hesabu pini zako kabla ya kuanza. Ziandike kwenye karatasi pembeni. Ukimaliza, zihesabu tena kabla nguo haijatoka mezani. Kwa nguo ya mtoto, hili ni sharti.

Hatua ya 3: Kitambaa cha kucheulia

Kata vipande viwili vya sentimita 27 kwa 52, kimoja cha flaneli au pamba, kingine cha taulo. Vilaze nje kwa nje, yaani pande nzuri zitazamane na upande wa ndani uonekane kwako. Bana kwa pini kuzunguka.

Anza kushona katikati ya upande mmoja mrefu, sentimita 1 kutoka ukingoni. Rudi nyuma mishono mitatu, kisha endelea mbele. Ukifika sentimita 1 kabla ya pembe, simamisha sindano ikiwa imezama kitambaani, inua mguu, geuza kazi, shusha mguu, endelea. Zunguka pembe zote nne na usimame ukiwa umebakiza uwazi wa sentimita 8. Rudi nyuma tena, kata uzi.

Sasa pembe. Kata ncha ya kila pembe kwa mshazari, ukiacha milimita 2 au 3 kati ya mkasi na mshono. Ukiziacha nzima, kitambaa kitajazana ndani na pembe itakuwa donge gumu, na ni hilo donge litakalogusa shavu la mtoto. Geuza kupitia ule uwazi. Sukuma pembe kwa kitu butu, kama kijiti cha kulia, mkasi utatoboa. Piga pasi, ukikunja midomo ya uwazi iingie ndani ilingane na mstari wa mshono. Malizia kwa kushona juu, kuzunguka kote, milimita 4 kutoka ukingoni. Mshono huu unafunga uwazi na kuzuia tabaka mbili zisisukumane zikiwa zinafuliwa.

Shona viwili au vitatu kabla hujaendelea. Mkono hujifunza kwa kurudia.

Hatua ya 4: Mazoezi ya duara, ambayo ni ya mama mwenyewe

Kabla ya bibu unahitaji kuzoea mikunjo. Chukua kifuniko chenye kipenyo cha sentimita 12, chora duara kwenye flaneli, taulo na pamba, ukate. Panga taulo katikati, bana, na ushone ukingo kwa zigizagi iliyokaribiana. Hizo ni pedi za kifuani za kunyonya maziwa yanayovuja. Zigeuze ili flaneli iguse ngozi. Siri ya duara ni kushona polepole na kugeuza kitambaa kidogo kidogo, macho yakiwa kwenye ukingo wa mguu wa cherehani na si kwenye sindano.

Hatua ya 5: Bibu ya pembetatu

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote kwa mwanafunzi, kwa sababu inafundisha kipimo. Bibu ikipwaya, mate yanapita. Ikibana ni hatari.

Pima shingo ya mtoto kwa futi iliyolegea, ongeza sentimita 8. Tuseme shingo ni sentimita 24, jumla itakuwa 32. Kunja karatasi katikati. Kutoka kwenye mkunjo, chora mstari ulionyooka wa nusu ya jumla hiyo, hapa sentimita 16. Huo ndio ukingo wa shingoni. Rudi kwenye mkunjo, shuka sentimita 18 na uweke alama. Hiyo ndiyo ncha ya kifuani. Kule mwisho wa mstari wa shingo, shuka sentimita 3 ili mkono wa bibu uwe na upana wa kupokea kifungo. Unganisha alama hizo mbili za chini kwa mstari uliopinda kidogo, kisha viringisha mwisho wa mkono usiwe na kona. Ongeza sentimita 1 ya mshono kila upande isipokuwa kwenye mkunjo. Kata, kunjua, na umepata kiolezo. Andika juu yake tarehe na kipimo cha shingo, maana baada ya miezi michache utachora kingine.

Kata kimoja cha pamba na kimoja cha taulo. Shona nje kwa nje kama ulivyofanya awali, ukiacha uwazi wa sentimita 6 kwenye ukingo wa shingo, kwa kuwa ni rahisi kufunga vizuri mahali palipo nyooka. Kwenye miviringo ya mikono kata vijipembe vidogo vya V kila baada ya sentimita 1, bila kufikia mshono. Vijipembe hivyo vinaondoa kitambaa cha ziada ambacho kingejikunja ndani ukigeuza. Geuza, piga pasi, shona juu kuzunguka.

Kifungo kiwe cha kubofya. Kamba za kufunga nyuma ya shingo siziruhusu katika darasa langu: kamba inaweza kunasa mahali na haiachii, ilhali kifungo cha kubofya huachia kikivutwa. Velkro nayo huachia, ila hukwaruza shingo na hung'ang'ania nguo nyingine wakati wa kufua. Weka jozi ya kwanza sentimita 1.5 kutoka mwisho wa kila mkono, halafu ongeza tundu la pili sentimita 2 ndani zaidi upande mmoja. Kwa mfano wetu, bibu itazunguka sentimita 29 kwenye tundu la nje na 27 kwenye la ndani. Ukimvalisha, vidole vyako viwili vipite kati ya bibu na shingo bila kulazimisha. Kisha vuta kila kifungo kwa nguvu zako zote. Kikichomoka kitambaani na kubaki mkononi mwako, kingechomoka mdomoni mwake.

Vifungo vya kushonea, shanga na mapambo madogo yaliyogundishwa kwa gundi yasiwepo kabisa kwenye kitu cha mtoto wa chini ya miaka 3. Na bibu ivuliwe kabla mtoto hajalala, hata usingizi mfupi wa mchana. Kwa sababu hiyo hiyo ya usalama, siwafundishi wanaoanza kushona mito midogo wala mablanketi mazito ya kitandani: mtoto wa chini ya mwaka mmoja alale mahali pasipo na vitu laini vilivyolegea.

Hatua ya 6: Suruali ya lastiki

Chukua suruali inayomkaa vizuri. Ikunje katikati mguu juu ya mguu, ukingo wa nje ulingane, sehemu ya matakoni ikichomoza pembeni. Ilaze kwenye karatasi, nyoosha kiuno kilichojikusanya, chora kuizunguka. Huo ni upande wa nyuma. Igeuze uchore wa mbele, ukiunganisha michoro miwili kwenye mstari wa ubavuni ili upate kipande kimoja kisicho na mshono wa pembeni. Hakikisha nyuma kumepanda juu kuliko mbele kwa takriban sentimita 3, kwa ajili ya nepi. Ongeza sentimita 1 kwa mishono, 3 kiunoni, na 4 miguuni.

Kunja kitambaa nje kwa nje na ukate vipande viwili kwa pamoja, mstari wa ubavuni ukifuata urefu wa kitambaa. Shona ndani ya mguu kwa kila kipande. Geuza mguu mmoja uwe nje nje, uingize ndani ya mwingine, linganisha mishono ya miguu, kisha shona upindo mzima wa katikati kwa mkupuo mmoja kutoka kiuno cha mbele hadi cha nyuma. Shona mara ya pili juu ya mshono huo, kwani ndio unaovutwa mtoto akianza kutambaa. Funga kingo kwa zigizagi.

Kiunoni kunja sentimita 1, kisha 2, ushone ukiacha uwazi wa sentimita 4. Kata lastiki ya upana wa sentimita 1.5 kwa urefu wa kiuno chake, bila kupunguza. Ipitishe kwa pini ya nepi, pandanisha ncha zake sentimita 1.5, uzishone kwa zigizagi, ufunge uwazi. Ikiacha alama tumboni, fungua na uiongeze.

Sasa geuza suruali ndani nje na upitishe kidole kila mguu hadi mwisho. Uzi wowote unaoning'inia ukate karibu na mshono. Uzi uliolegea unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu cha mtoto ukazuia damu, na yeye hana namna ya kukueleza zaidi ya kulia. Soksi na glavu za mkononi zinahitaji ukaguzi huo huo, za kununua pia.

Pindo la miguuni lishone mwisho: kunja sentimita 1, kisha 3. Tumia mishono mirefu ya milimita 4, iliyo rahisi kufumua, ili ateremshiwe suruali hiyo hiyo miguu ikirefuka.