Kabla hujaenda kukagua hesabu za hoteli ng'ambo

Mdogo wangu, ukimaliza masomo pale IFM, chuo cha fedha cha hapa Dar es Salaam, usikimbilie Dubai na cheti peke yake. Anza na hoteli za hapa Posta au Masaki, uombe zamu ambayo wengi wanaikwepa: ukaguzi wa usiku. Hapo ndipo siku ya hoteli inafungwa. Unalinganisha vyumba vilivyolala wageni na mapato yaliyoandikwa, kisha risiti za mashine ya kadi na kumbukumbu za kompyuta ya mapokezi, mpaka zikubaliane.

Mimi baa ndiyo naitazama zaidi. Chukua bili zilizofutwa, zipange kwa jina la keshia na kwa saa. Zikirundikana kwa mtu mmoja, usimtuhumu. Hesabu chupa kwanza, iliyofunguliwa ipime kwenye mizani, ndipo uende kwa meneja na karatasi mkononi. Na anayeagiza bidhaa asiwe ndiye anayezipokea stoo, wala anayelipa. Hilo halina mjadala.

Soma pia USALI, utaratibu wa hesabu za hoteli uliotoka New York mwaka 1926. Hoteli nyingi kubwa za nje zinaufuata, idara kwa idara. CPA, cheti cha NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu Tanzania, nayo itakubeba.

Mkataba ukija, tazama mshahara wa msingi kando na posho kando. Wakala akikudai ada ya kukupatia kazi Dubai, kataa kabisa. Sheria ya kule inamtwisha mwajiri gharama hizo. Pitia TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, kabla hujasaini.