SOMO: Namna ya kuchagua programu ya ramani ya setilaiti, lami na porini

Wakuu, swali la "programu gani ya GPS ni nzuri" linarudi kila mara, na kila mara linajibiwa kwa jina moja bila sababu. Nimechoka kulijibu vipande vipande. Naliandika hapa kwa kirefu, na anayekuja na swali hilo nitamwelekeza hapa.

Kwanza tenganisheni vitu vitatu: mawimbi, ramani na programu.

Mawimbi yanatoka kwenye setilaiti: GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Za GPS zinazunguka kama kilomita 20,200 juu ya dunia na zinatangaza bure. Kipokezi cha simu kinasikiliza tu, hakirushi kitu juu, na kikizipata angalau nne kinakokotoa mahali ulipo. Chini ya anga wazi simu ya kawaida hukosea mita tano hivi. Programu zote ndani ya simu moja zinatumia kipokezi hicho hicho, kwa hiyo anayekuambia programu fulani "ina GPS kali" hajakusaidia. Tofauti iko kwenye ramani, na kwenye kile programu inachofanya na ramani hiyo.

HATUA YA 1. Amua safari ni ya lami, ya porini, au yote mawili.

HATUA YA 2. Chagua ramani kabla ya programu. Google, HERE na TomTom wana ramani zao wenyewe, na nguvu yao ni barabara kubwa, anwani na majina ya biashara. OsmAnd, Organic Maps na nyingine nyingi zinategemea OpenStreetMap, ramani iliyoanza mwaka 2004 na ambayo huchorwa na watu wa kujitolea. Huko porini mara nyingi ndiyo yenye njia za magari, mageti, visima na sehemu za kuvuka mto bila daraja. Mara nyingi, si kila mahali. Kuna maeneo imejaa hadi vijia vya miguu, na kuna maeneo ni tupu kabisa. Kipimo ni kimoja: fungua eneo unalolifahamu vizuri katika ramani mbili, uhesabu njia zinazokosekana, kisha fungua eneo unalokwenda. Katika OpenStreetMap njia za porini hupewa daraja, la 1 likiwa la ardhi ngumu na imara, la 5 likiwa la udongo laini au nyasi. Programu inayokuonyesha daraja hilo ina faida kubwa kuliko inayochora njia zote kwa mstari mmoja wa kijivu.

HATUA YA 3. Programu ya lami. Hapa Google Maps au Waze zinatosha, kwa sababu unachohitaji ni foleni, sauti na kutafuta mahali. Waze inategemea mtandao. Google Maps inaweza kuongoza gari kwa ramani uliyopakua, ila bila taarifa za foleni, na eneo ulilopakua lina tarehe ya kuisha muda kama hulisasishi. Angalieni tarehe hiyo.

HATUA YA 4. Programu ya porini. Iwe na ramani kamili bila mtandao, kontua (mistari ya kimo cha ardhi), kurekodi njia unayopita, kufungua faili za GPX (za kubadilishana njia na nukta kati ya programu), na kukuonyesha koordineti zako (namba za latitudo na longitudo) kwa mguso mmoja. OsmAnd ina haya yote na mipangilio mingi sana. Ipe wiki moja ya kujifunza nyumbani, si njiani. Toleo lake la bure lina kikomo cha idadi ya ramani za kupakua. Organic Maps ni nyepesi, haina matangazo, na inamfaa asiyetaka mipangilio mingi. Locus Map ni chaguo zuri kwa wenye Android. Msimamo wangu: beba mbili, moja ya lami na moja ya porini. Programu moja ya kufanya yote huishia kufanya moja vizuri.

HATUA YA 5. Faili la GPX. Someni polepole, hapa ndipo watu wanapotea.

Ndani ya GPX mnaweza kuwa na vitu vya aina tatu: nukta, ruti na traki. Nukta ni mahali pamoja. Ruti ni orodha ya nukta chache za kupitia, na katikati yake hamna kitu. Programu ndiyo inayojaza kwa kutumia ramani yake. Traki ni alama ya njia halisi, nukta mamia au maelfu zilizorekodiwa na aliyepita pale. Sasa mwenzako anakutumia ruti aliyoipanga kwenye programu yake. Wewe unaifungua kwenye programu nyingine yenye ramani nyingine. Programu yako inakokotoa upya bila kukuuliza, na inakupitisha inakoona yenyewe panafaa: barabara iliyofungwa, au njia ndefu ya lami inayokwepa pori lote. Kama kwenye ramani yako njia haipo, unaweza kuchorewa mstari ulionyooka unaokata mto na mlima. Jina la faili ni lile lile, mwanzo na mwisho ni vile vile, na hakuna kitakachokuambia kwamba njia imebadilika.

ONYO: omba traki, usikubali ruti, kwa sehemu yoyote isiyo na lami.
ONYO: ukiifungua, chagua kufuata traki. Usibonyeze mwisho wa traki na kuomba uongozwe hadi pale. Hiyo ni ruti mpya.
ONYO: zima ukokotoaji upya wa moja kwa moja. Ukikwepa shimo kwa mita hamsini, programu isije ikakutafutia njia nyingine.
ONYO: uliza traki ilirekodiwa lini na kwa chombo gani. Traki ya pikipiki ya kiangazi si njia ya gari wakati wa mvua.

HATUA YA 6. Mwisho wa safari uwe koordineti, si jina. Desemba 2012 polisi wa jimbo la Victoria, Australia, waliwaonya madereva wasitumie ramani ya Apple kwenda mji wa Mildura. Ramani ile iliuweka mji ndani ya hifadhi ya Murray-Sunset, kama kilomita 70 kutoka ulipo, eneo lisilo na maji, na joto linaloweza kufika nyuzi 46. Madereva kadhaa walikwama huko. Setilaiti hazikuwa na kosa. Waliotafuta jina walipewa nukta isiyo sahihi.

Na koordineti nazo zina maandishi ya namna tatu: digrii zenye desimali, digrii na dakika zenye desimali, na digrii, dakika na sekunde. Ukiambiwa digrii 2 dakika 30.5, ukaandika 2.305, umekosea kwa zaidi ya kilomita 22. Sahihi ni 2.5083, kwa sababu dakika hugawanywa kwa 60. Mpangilio wa programu yako ufanane na wa aliyekutumia.

HATUA YA 7. Jaribu kabla ya kuondoka: weka simu kwenye hali ya ndegeni, tafuta mahali, kokotoa njia, kuza ramani mpaka mwisho. Simu za sasa zinaendelea kupokea GPS katika hali hiyo.

HATUA YA 8. Kishikilio imara, waya wa chaji, na ramani ya karatasi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu sijasoma yote, niambie tu ipi bora.
Jibu: Hatua ya 2 hadi ya 4.

Swali: GPS inakula bando kiasi gani?
Jibu: Kupokea mawimbi hakuli bando kabisa. Kinachokula ni ramani inayopakuliwa wakati unaendesha. Pakua kabla.

Swali: Asante kwa somo. Kama kupokea hakuhitaji mtandao, mbona nikizima data simu inachelewa sana kujua nilipo?
Jibu: Swali zuri sana. Ili kukokotoa, simu lazima ijue kila setilaiti iko wapi angani. Setilaiti yenyewe hutangaza habari hizo, lakini kwa mwendo wa biti 50 kwa sekunde. Habari za mzunguko wake hurudiwa kila sekunde 30, na ujumbe mzima wenye ratiba ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Ukiwa na data, simu huzichota haraka kutoka kwenye seva. Bila data inazisubiri kutoka juu, na ukipita chini ya miti au magorofa sehemu ya ujumbe hupotea, inaanza tena kusubiri. Kwa hiyo washa programu ukiwa bado na mtandao, au simama mahali pa wazi dakika chache kabla ya kuondoka.

Swali: Nimeweka OsmAnd kwenye tableti, ramani ipo lakini mimi sionekani. Programu mbovu hii.
Jibu: Ni tableti gani? iPad za Wi-Fi pekee hazina kipokezi cha GPS. Zenye laini ya simu zinacho. Kama ni hiyo, tafuta kipokezi cha nje kinachoungana kwa Bluetooth.

Swali: Mimi ilinipeleka kwenye njia ya mashamba wakati lami ipo pembeni. Hapo utetezi wako ni upi?
Jibu: Mpangilio ulikuwa njia fupi au ya haraka? Kukwepa njia zisizo na lami kuliwashwa?
Aliyeuliza: Sikumbuki, niliiacha ilivyo.
Jibu: Basi fungua mipangilio uangalie kwanza. Umeomba njia, umepewa njia. Sitaitetea programu wala kuilaumu kwa mpangilio ambao hujauona.

Swali: Samahani mkuu, mimi napenda milima. Kimo kwenye simu hakilingani na kibao cha kileleni. Nani anadanganya?
Jibu: Hakuna, dada. GPS hupima kimo kutoka kwenye umbo laini la kihesabu la dunia, kibao hupima kutoka usawa wa bahari, na viwili hivyo vinaweza kupishana hata kwa mita 100 kutegemea uko wapi. Programu nyingine husahihisha, nyingine hazisahihishi. Angalia kwenye mipangilio. Pia kosa la kimo kwa kawaida ni kubwa kuliko la mahali.
Na kwa kuwa umegusa milima: kontua nyingi kwenye programu hizi zimetokana na vipimo vya rada vya chombo cha anga cha Endeavour, Februari 2000. Kilipima kati ya latitudo 60 Kaskazini na 56 Kusini, kwa hiyo Iceland kwa mfano iko nje kabisa na kontua zake zinatoka kwingine. Nukta za vipimo vile ziko kama mita 30 kutoka moja hadi nyingine. Korongo jembamba lenye upana wa mita kumi linaweza lisionekane kabisa. Kontua zikikuambia uwanda ni tambarare, bado shuka ukatazame kwa macho.

Mwanachama: Nyongeza. Simu ikikaa kwenye kioo juani inapata moto na kuzima. Ishikize mbele ya tundu la kiyoyozi.
Jibu: Kweli kabisa. Pia baadhi ya vioo vya mbele vina tabaka la metali la kuzuia joto, na vinapunguza mawimbi. Kama nukta inarukaruka ndani ya gari na nje inatulia, huenda ni kioo. Kipokezi cha nje kinamaliza tatizo.

Swali: Nimekuta daraja limebomoka ambalo OpenStreetMap inalionyesha. Naweza kurekebisha mwenyewe?
Jibu: Unaweza, na fanya hivyo. Fungua akaunti, piga picha, rekodi traki, kisha hariri, au acha dokezo mahali hapo mwenye uzoefu alirekebishe. Usichore kwa kunakili Google, leseni hairuhusu. Usishangae pia kuliona daraja bado lipo kwenye simu yako baada ya kuhariri: programu hutoa ramani mpya kwa vipindi, na ile uliyopakua haibadiliki mpaka uisasishe. Tarehe ya toleo huonyeshwa mahali pa kupakulia ramani.