Namna ya Kukagua Mtaa kwa Miguu Kabla ya Kupanga Nyumba

Watu wengi wanaotafuta nyumba ya kupanga mjini hukagua vyumba kwa makini: hufungua mabomba, hujaribu vitasa vya milango, huuliza habari za umeme. Mtaa wenyewe huutazama kupitia dirisha la gari, wakiwa njiani kwenda kuonyeshwa nyumba. Kwa maoni yangu utaratibu huo umepinduka. Bomba bovu hutengenezwa na ukuta uliochakaa hupakwa rangi upya, lakini hakuna mpangaji awezaye kuisogeza shule karibu na mlango wake au kuipunguza kasi ya magari barabarani. Mtaa unaokuwezesha kufanya shughuli nyingi kwa miguu hukuokolea nauli na muda, na humpa mtoto au mzee wa nyumbani uhuru wa kutoka bila kusubiri wa kumpeleka. Kwa hiyo inafaa kuukagua kwa miguu ileile utakayoitumia ukishahamia.

Kazi hiyo huanzia pale unapoishi sasa. Chukua karatasi uandike kila mahali ulipokwenda katika wiki mbili zilizopita na umekwenda mara ngapi: kazini, shuleni kwa watoto, sokoni, duka la dawa, kwa fundi, kwenye nyumba ya ibada, kwa mzazi anayehitaji kuangaliwa. Utaona kwamba sehemu zinazotajwa sana mtu anaposifu mtaa, kama migahawa na kumbi za starehe, huwa hazina safari nyingi, ilhali duka dogo la mahitaji ya nyumbani, ambalo hakuna anayelisifu, hujirudia karibu kila siku. Panga orodha yako kwa wingi wa safari, kisha iwe ndiyo kipimo cha kila mtaa utakaoutembelea. Mtaa unaopendwa na watu wote unaweza usikufae wewe hata kidogo, endapo safari zako za kila siku zinaelekea upande wa pili wa mji.

Baada ya hapo, geuza umbali kuwa dakika. Mtu mzima mwenye afya hutembea takriban kilomita 5 kwa saa, kwa hiyo mita 400 humchukua kama dakika 5, na mita 800 kama dakika 10. Ninashauri mahitaji ya kila siku yawe ndani ya dakika 10, na yale ya mara moja kwa wiki yasizidi dakika 20. Mtaalamu Carlos Moreno alianza kueneza mwaka 2016 wazo la jiji la dakika 15, yaani jiji ambalo mkazi anayafikia mahitaji yake ya msingi kwa miguu au kwa baiskeli katika muda huo, na wazo hilo likaingia katika mipango ya jiji la Paris. Mji wa Pontevedra, nchini Hispania, umetoa ramani inayofanana na ile ya treni za chini ya ardhi, ila mistari yake huonyesha dakika za kutembea kutoka sehemu moja hadi nyingine. Hakuna kinachokuzuia kujichorea ramani ya namna hiyo: weka nyumba unayoikusudia katikati, vuta mstari hadi kila sehemu iliyo kwenye orodha yako, na uandike juu ya mstari dakika ulizozipima mwenyewe.

Nasisitiza kuzipima mwenyewe, kwa kuwa umbali wa kukisia kwa macho kwenye ramani hudanganya. Soko linaloonekana kuwa mita 200 nyuma ya nyumba linaweza kuwa ng'ambo ya reli, mfereji mkubwa au ukuta mrefu wa kiwanda, ikakulazimu kuzunguka kilomita nzima. Mitaa yenye njia panda nyingi zilizokaribiana haina tatizo hilo kwa kiwango kikubwa. Katikati ya jiji la Portland, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, kila kitalu cha majengo kina upande wa takriban mita 60 tu, hivyo mtembeaji hupata nafasi ya kukata kona kila baada ya muda usiotimia dakika moja, na barabara ikifungwa kwa ukarabati ana njia nyingine ya jirani.

Sasa tembea, na utembee katika saa utakazozitumia kweli: asubuhi watu wanapokwenda kazini, jioni wanaporudi, na usiku mara moja angalau. Beba mzigo wenye uzito wa manunuzi yako ya kawaida, kwa kuwa mita 800 za mikono mitupu hazifanani na mita 800 za mifuko miwili. Angalia njia ya waenda kwa miguu chini kabisa, pale nyayo zinapokanyaga. Je, inaendelea hadi mwisho, au inakatika kila penye geti na kumshusha mtembeaji barabarani? Nguzo za umeme zimesimama katikati yake? Magari yameegeshwa juu yake? Upana wa mita 1.8 bila kizuizi huruhusu viti viwili vya magurudumu kupishana, na ukiwa na mtoto wa kusukumwa kwenye kigari utajua thamani ya upana huo siku ya kwanza.

Kisha simama kwenye kivuko unachotarajia kukivuka mara nyingi kuliko vyote, ukae hapo kwa muda. Kwangu mimi hapa ndipo mtaa unapojulikana. Barabara yenye upana wa mita 12 humchukua mtu mwenye mwendo wa kawaida, yaani mita 1.2 kwa sekunde, sekunde 10 kuivuka. Mzee anayetembea mita 0.8 kwa sekunde anahitaji 15. Hesabu sekunde ambazo taa inawaruhusu watembeaji, umwangalie mtu wa mwisho kufika upande wa pili: kama analazimika kukimbia hatua za mwisho, ujue utakuwa unakimbia hivyo kila siku. Penye kivuko kisicho na taa, angalia kama madereva husimama wenyewe au husubiri mtu ajitose. Kasi ndiyo kiini cha jambo hili. Azimio la Stockholm la mwaka 2020 kuhusu usalama barabarani lilihimiza kikomo cha kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari huchanganyika mara kwa mara na watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, kwa sababu mwili wa mtu aliyegongwa huhimili mwendo huo kuliko ule wa kilomita 50. Kibao cha kikomo peke yake hakitoshi. Tafuta matuta, kona zilizobanwa na barabara nyembamba, kwani hivyo humpunguza dereva mwendo hata pasipo askari.

Kuhusu kivuli, taa na mifereji sina mengi ya kusema: miti hupunguza joto kiasi cha kubadilisha safari nzima, na njia nzuri ya kiangazi inaweza kuwa dimbwi la masika, kwa hiyo ukiweza ipite tena baada ya mvua kunyesha. Usiku, zaidi ya kuhesabu taa, angalia kama kuna milango na madirisha yanayotazama njia. Mtaa wenye maduka madogo yanayofungwa kwa saa tofauti na wakazi wanaoishi ghorofa za juu huwa na macho ya watu hadi usiku; ukuta mtupu wa mita 100, hata ukiwa na taa kali, humfanya mtembeaji aongeze mwendo.

Ukaribu huohuo una gharama yake, nayo ni kelele. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa kanda ya Ulaya, linapendekeza kelele za magari usiku zisizidi wastani wa desibeli 45 nje ya nyumba, kiwango ambacho barabara yenye shughuli nyingi hukivuka kwa urahisi. Omba kuonyeshwa chumba cha kulala usiku wa mwisho wa wiki, madirisha yakiwa wazi. Mara nyingi suluhisho si kuuhama mtaa; nyumba iliyo barabara moja nyuma ya ile yenye maduka, au chumba kinachotazama uani, hukupa utulivu kwa dakika mbili tu za ziada.

Kabla ya kujadili bei, ongea na wapangaji waliopo, bila mwenye nyumba wala dalali kuwepo. Swali la kwamba mtaa ni mzuri au mbaya halileti jibu la maana. Uliza walikwenda wapi kwa miguu jana, ni njia ipi wanayoikwepa giza likiingia, na duka gani limefungwa karibuni.

Hesabu ya fedha ije baada ya hayo yote. Jumlisha kodi ya mwezi na nauli au mafuta ya mwezi kwa kila nyumba unayoilinganisha, kisha andika pembeni saa utakazotumia njiani. Nyumba ya kodi ndogo iliyo mbali hupoteza unafuu wake haraka, hasa katika familia yenye watu watatu au wanne wanaosafiri kila siku, na zaidi kama kuishi mbali kutakulazimu kumiliki gari. Lakini usilipe zaidi kwa ajili ya sehemu usizozitembelea. Na kwa kuwa mitaa inayotembeka hugombewa na kodi zake hupanda, soma kwa makini kifungu cha mkataba kinachohusu ongezeko la kodi: lini linaweza kufanyika, kwa kiwango gani, na kwa taarifa ya muda gani. Kama kifungu hicho hakipo, omba kiandikwe kabla ya kutia saini.