Sato wa ndoano huharibikia mtumbwini kabla hajafika kikaangoni

Ndugu wavuvi wa ndoano, na akina mama mnaokaanga samaki kuanzia Kayenze na Igombe hadi Luchelele, huku Mwanza kando ya Ziwa Victoria, lalamiko ninalolipokea mara nyingi kuliko yote ni hili: sato anamegukia kwenye karai. Ngozi inabaki imeganda chini, nyama inaachana na mfupa, na mteja anasema samaki amelegea. Mama analaumu mafuta. Akibadilisha mafuta analaumu mkaa, halafu unga. Wakati huo mvuvi aliyemletea samaki yule ameshaondoka na hela yake, na kosa aliondoka nalo yeye.

Kufunga ndoano, kutafuta minyoo na kujua matete gani yana sato, hayo mnayajua kuliko mimi. Nataka tuzungumzie saa zile ambazo samaki yuko mikononi mwenu naye hajafika jikoni.

Tazama inavyokwenda. Mtu ameingia ziwani saa 11 alfajiri. Sato wa kwanza amemtoa saa 12 na nusu, akamtupa sakafuni mwa mtumbwi, kwenye maji yaliyochanganyika na matope, damu na mabaki ya chambo. Samaki anapigapiga mkia mpaka anakufa mwenyewe. Wengine wanatupwa juu yake. Jua linapanda. Saa 5 asubuhi mtumbwi unafika mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, na hapo ndipo mvuvi anachota maji ya ziwa kwa kopo na kuwamwagia samaki "wasichoke". Wanang'aa kweli, na mnunuzi anaona ni wabichi.

Ndugu zangu, maji hayo yana joto la nyuzi 24 hadi 27, na pale ufukweni kwenye kina kifupi yanaweza kuzidi hapo. Samaki aliyelowa maji ya vuguvugu anaendelea kuoza huku anang'aa. Wataalamu wa samaki wana kipimo chao: kwenye nyuzi 25 samaki huharibika kwa kasi inayozidi mara kumi ile ya kwenye nyuzi 0, ndani ya barafu. Maana yake saa moja tu ya kulala mtumbwini inakula karibu nusu siku ya maisha ambayo angeyapata kwenye barafu. Yule wa saa 12 na nusu, akifika mwaloni saa 5, ameshapoteza siku mbili na zaidi. Halafu ndiyo tunamwita samaki wa leo!

Lipo na jambo la pili, na hili ndilo linalomvunja kwenye karai. Samaki anayekufa kwa kupigana anamaliza nguvu iliyomo kwenye misuli yake, kwa hiyo anakakamaa upesi na kwa nguvu sana, hasa kwenye joto. Akiwa amekakamaa hali amepinda, mtu anamshika na kumnyoosha ili apangike vizuri kwenye beseni. Hapo nyama inachanika ndani kwa ndani. Nje huoni kitu, lakini mafuta ya moto yatakuonyesha. Samaki aliyekakamaa usimnyooshe kwa nguvu hata kidogo. Mpange alivyo, atalegea mwenyewe.

Sasa fanya hivi. Sato akitoka majini, mpime kwanza. Chini ya sentimita 25, kuanzia mdomoni hadi ncha ya mkia, sheria hairuhusu, mrudishe akiwa hai. Ukiona jike ana mayai au vifaranga mdomoni, mrudishe naye bila kujali urefu, kwa sababu sato hulelea watoto mdomoni na ukimchukua mmoja umechukua mamia. Anayebaki, mgonge mara moja kwa kirungu juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho. Mkate koo chini ya mashavu, mwache atoe damu dakika 5 hadi 10 kwenye ndoo ya maji safi yenye vipande vya barafu, kisha aingie kwenye barafu. Kuanzia kutoka majini hadi kuingia barafuni isizidi nusu saa. Nimesema nusu saa. "Nikimaliza kuvua" haimo.

Kipimo cha barafu ni kilo moja kwa kilo moja ya samaki. Hapa ndipo watu wanabana matumizi mahali pasipobanika: mtu ana kilo 6 za sato, ananunua kilo 2 za barafu, anaiweka juu kama kofia. Waliolala chini hawaioni barafu hiyo kabisa. Ndoo ya lita 20 inabeba kilo 6 za samaki na kilo 6 za barafu iliyopondwa, basi. Ukizidisha samaki umepunguza barafu. Toboa chini matundu manne ya upana wa sentimita moja ili maji ya barafu yatoke, na uikalishe ndoo juu ya vijiti viwili isiguse maji machafu ya mtumbwini. Weka barafu unene wa sentimita 5 chini. Panga samaki safu moja, kama ameshatumbuliwa tumbo litazame chini ili maji yasituame ndani. Barafu tena sentimita 3, samaki tena, na juu kabisa sentimita 5. Funika kwa gunia safi lililolowa, kisha kivuli. Mwenye deli, yaani sanduku la kutunza baridi, apange vilevile, ila kwake barafu itadumu zaidi.

Barafu iwe imepondwa vipande visivyozidi ukubwa wa kiberiti. Bonge kubwa linagusa samaki sehemu chache na kona zake zinamchubua. Wanaogandisha maji kwenye chupa za lita moja na nusu wamefanya vizuri kuliko kukosa kabisa, lakini chupa haimkumbatii samaki, kwa hiyo tia pia maji safi kidogo yazunguke kati ya chupa na samaki, na katika hali hiyo usitoboe ndoo. Barafu itokane na maji ya kunywa. Barafu ya maji machafu inamhifadhi samaki pamoja na uchafu wake.

Najua jibu linalokuja: wateja hawataki samaki wa barafu, wanasema amechacha. Wana sababu, kwa kuwa barafu wanayoijua huwekwa saa 8 mchana, samaki akiwa ameshachoka. Barafu inasimamisha hali iliyopo, haimrudishi nyuma. Sato aliyewahiwa akiwa na dakika 20 anaweza kukaa wiki mbili kwenye barafu inayoongezwa kila siku na bado akaliwa vizuri. Kwa hiyo msiniambie barafu ni ghali hali mnatupa samaki wa jioni au kuwauza kwa nusu ya bei.

Kutumbua kufanyike siku hiyohiyo, mapema. Sato anakula majani na mwani, utumbo wake ni mrefu sana na umejaa, na ukikaa kwenye joto unalainisha tumbo mpaka linapasuka. Kisu kisizame, nyongo ikipasuka nyama inakuwa chungu. Na tafadhali msisimame ziwani kuosha samaki mchana wa jua kali. Samaki hakupi kichocho, maji yale ya pembeni yanakupa. Chota maji safi, osha mezani.

Kwa mpishi nina machache. Chanja mara tatu kila upande, nafasi ya sentimita 3, karibu kufika mfupani. Chumvi kijiko kimoja cha chai kisichojaa kwa nusu kilo, ndimu, dakika 15. Ndimu ikikaa saa nzima inaharibu nyama ya juu. Kisha mtundike au mlaze kwenye wavu dakika 10 akauke, kwa sababu maji ndiyo yanayorusha mafuta na kugandisha ngozi. Mafuta yafike nusu ya unene wa samaki. Chovya kijiti kikavu: mapovu yakikizunguka mara moja, tayari, moshi ukitoka, yamezidi. Sato wa sentimita 25, gramu 300 hivi, anahitaji dakika 5 hadi 6 kila upande, na usimguse dakika 4 za mwanzo. Kumgeuzageuza kunamvunja hata aliyewahiwa barafu.

Akiiva, nyama ni nyeupe hadi mfupani na inaachia kwa uma.

Ukinunua mwaloni, inua kifuniko cha shavu. Pawe pekundu, pasiwe na ute wa kahawia. Bonyeza ubavu kwa kidole. Shimo likibaki, mrudishie mwenyewe hata kama amelowa chapachapa, na umuulize barafu yake iko wapi.